Kitabu cha Siku na Mambo Madogo Yaandikwayo Ndani Yake

Mwinjilisti mmoja wa mtaa wa mbali ametuuliza kwa barua: "Mmetuagiza kila mtaa uwe na kitabu cha siku. Je, tuandike nini ndani yake, na mambo yapi ni madogo mno hata yasistahili wino?" Swali hili lataka jibu refu kuliko barua, maana sisi wenyewe tuliwahi kulijibu vibaya. Basi tumeona vema kuliweka hapa liwe somo la mwezi huu kwa waalimu wote, na kwa kila msomaji aliye na daftari na kalamu nyumbani mwake.

Kwanza tujue ya kwamba kitabu cha namna hii si jambo jipya. Wazee wa pwani walikuwa na neno takwimu, nao walilitumia kwa kalenda, yaani hesabu ya siku na miezi. Siku hizi neno hilo limehamia kwenye hesabu za serikali. Na huko Ulaya, mwaka 1550, katika mji wa Wittenberg, Paul Eber, mwanafunzi na rafiki wa Philipp Melanchthon, alitoa kitabu cha Kilatini kiitwacho Calendarium historicum. Kila siku ya mwaka ilipewa mahali pake, tangu 1 Januari hata 31 Desemba. Chini ya tarehe Eber aliandika mambo yaliyotukia siku hiyo zamani: mfalme fulani alizaliwa, mji fulani ulitekwa, mwenye elimu fulani alifariki. Kisha, na hili ndilo tulipendalo zaidi, akaacha nafasi nyeupe. Aliyekinunua kitabu aliweza kuandika ya kwake: mtoto amezaliwa, baba amekufa, mvua ya mawe imeharibu mizabibu. Hivyo kaisari wa Roma na mtoto mchanga wa nyumba ile waliweza kukaa katika ukurasa mmoja, wala hakuna aliyemwambia mtoto asogee.

Hatusemi hapa habari za vitabu vya neno la kila siku, kama vile vya Herrnhut vilivyoanza kuchapishwa kwa ajili ya mwaka 1731. Hivyo vina kazi nyingine, nanyi mwavijua.

Melanchthon mwenyewe alikuwa mtu wa kupenda tarehe. Alitaka kujua hasa Martin Luther alizaliwa lini, akamwuliza mama yake, Margarethe, tena si mara moja. Mama akamjibu kwamba siku aikumbuka, na saa aikumbuka, ila mwaka hana hakika nao. Melanchthon aliisimulia habari hii mwaka 1546, Luther alipokuwa amekwisha kufa. Ndipo akaongeza kwamba Jakob, ndugu yake Luther, alisema jamaa zao waliuhesabu kuwa mwaka 1483. Huo ndio tuuandikao leo katika vitabu vyetu kana kwamba haukuwa na shaka kamwe. Walakini Luther mwenyewe mara nyingine alitaja 1484.

Tukae kidogo juu ya jambo hili. Siku yajulikana, yaani 10 Novemba, kwa kuwa kesho yake mtoto alibatizwa huko Eisleben, nayo ilikuwa sikukuu ya Martin wa Tours, akapewa jina hilo. Jina likawa kama msumari uliopigiliwa katika siku, usiweze kung'oka. Lakini mwaka haukuwa na msumari. Na bibi zetu je? Mwulize bibi alizaliwa lini, atakuambia: usiku, mvua ikinyesha, mama alikuwa ametoka kuvuna ulezi, na jirani aliyemkata kitovu alikuwa fulani. Mwulize mwaka, atanyamaza. Vijana waliokwenda shule husikia hayo wakacheka. Yafaa waambiwe kwamba mama wa Luther hakujua zaidi.

Tena kuna jambo dogo la pembeni, ambalo waalimu wengi hulikosea. Luther alizaliwa usiku, kama mama yake alivyosema, baada ya saa tano. Kwa hesabu ya Ulaya siku ilikuwa bado ile ya 10. Lakini kwa hesabu ya kale ya pwani siku huanza jua likichwa, na usiku hutangulia mchana wake. Basi mzee wa Lamu au wa Bagamoyo angesema mtoto yule alizaliwa na kubatizwa katika siku moja. Ndiyo maana watu wawili waliokesha kwenye msiba mmoja huleta tarehe mbili, na mwalimu hudhani mmoja wao ni mwongo. Lugha yetu imekwisha kututengenezea dawa. Andikeni "usiku wa kuamkia Jumanne", kisha mtaje saa, wala hakuna atakayepotea.

Majina yenyewe ya siku yana habari zake. Mtoto wa kipaimara alituuliza kwa nini Biblia huiita siku ya Bwana siku ya kwanza ya juma, nasi twaiita Jumapili, yaani ya pili. Tulimjibu kwamba majina haya yalihesabiwa na watu ambao siku yao kuu ni Ijumaa, basi inayofuata ndiyo mosi, na ya baada yake ndiyo pili. Watu hao walikuwa na mwaka wa jua pia, ulioanza siku ya Nairuzi, wakauhesabu kwa miongo, yaani siku kumi kumi, ili mkulima ajue wakati wa kupanda na nahodha ajue zamu ya pepo. Huko Makunduchi, Unguja, siku hiyo ya mwaka husherehekewa hata leo kwa Mwaka Kogwa. Hiyo nayo ilikuwa kalenda, ingawa haikupigwa chapa.

Wala msidhani ya kuwa kalenda iliyochapwa haina makosa. Kalenda ya zamani ya Julius Caesar iliuhesabu mwaka kuwa mrefu kidogo kuliko mwendo wa jua, na kosa hilo dogo likajikusanya karne kwa karne. Mwaka 1582 Papa Gregorius wa 13 aliamuru siku 10 zirukwe: watu wa nchi zilizomtii walilala usiku wa 4 Oktoba wakaamka 15 Oktoba. Waevangeli wa Ujerumani walikataa. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini ilitoka Roma, nao hawakutaka kuipokea kutoka huko. Tusiwasifu kwa hilo. Kwa zaidi ya miaka 100 vijiji viwili vya jirani viliweza kuishi katika tarehe mbili, kimoja kikila Krismasi na kingine kikiwa bado katika Adventi. Mwaka 1700 waliacha ukaidi, na baada ya 18 Februari ikafuata 1 Machi.

Waswidi, nao ni Walutheri wenzetu, walitaka kuwa na akili kuliko wote. Waliamua kuondoa siku moja moja, wakiacha kuiongeza siku ya mwaka mrefu, mpaka watakapoifikia kalenda mpya polepole. Wakaanza mwaka 1700, kisha ikaja vita, wakasahau kuendelea, na sasa hesabu yao haikupatana na kalenda ya zamani wala na mpya. Mfalme akaamuru warudi walikotoka. Basi mwaka 1712 waliongeza siku, na katika nchi ile ikawako tarehe 30 Februari, nayo ni tarehe ya kweli kabisa. Kalenda mpya waliipokea mwaka 1753.

Twaeleza haya kwa faida ya wale wapendao kuandika ubaoni "siku kama ya leo". Johann Sebastian Bach, ambaye nyimbo zake kwaya zetu huzijaribu, alizaliwa Eisenach 21 Machi 1685 kwa kalenda ya zamani, ambayo mji wake uliitumia. Kwa kalenda tuitumiayo sasa ni 31 Machi. Walimu wawili wa kwaya wakigombana juu yake, wote wawili wana haki. Tarehe ni chombo kilichotengenezwa na watu, kama kibaba cha kupimia nafaka. Ni lazima kujua ni kibaba cha nani kilichopima.

Sasa tuje kwenye zile nafasi nyeupe. Mwaka 1551, mwaka mmoja baada ya Eber, kitabu kingine cha namna ileile kilichapishwa Paris, kazi ya Mjerumani Michael Beuther. Nakala moja ilikuwa mali ya Michel de Montaigne, Mfaransa aliyeishi tangu 1533 hata 1592, naye aliiandika kwa mkono wake miaka mingi. Nakala hiyo imehifadhiwa mjini Bordeaux. Mle ndani aliandika kuzaliwa kwake, ndoa yake, na siku alipokamatwa Paris na kutiwa katika gereza la Bastille, mwaka 1588. Habari hiyo ya kifungo aliiandika kwanza kwenye ukurasa wa 20 Julai, kisha akaona amekosea, akaiandika tena kwenye 10 Julai. Hata mwenye akili kama yeye alikosea ukurasa. Mwinjilisti anayefuta na kuandika upya asione haya.

Montaigne alikuwa na binti sita, na katika hao mmoja tu ndiye aliyekua. Katika kitabu chake kikubwa, kile kilichompa sifa duniani, alisema kwamba amefiwa na watoto wawili au watatu wakiwa wachanga. Wawili au watatu! Baba hakuwa na hakika ya hesabu, au hakutaka kuwa nayo, hatuwezi kumhukumu. Lakini katika kitabu cha siku wa kwanza yupo, mahali pake, 28 Juni 1570, na habari kwamba aliishi miezi miwili. Na wengine waliomfuata wana mahali pao, kila mmoja siku yake. Kitabu kikubwa kilisahau yale ambayo kitabu kidogo kiliyashika.

Hapo ndipo twafika kwenye kosa letu.

Mwaka 2007, tukiwa bado wageni katika uchungaji, tulitumwa kwenye usharika wa milimani. Tulimkuta huko mwinjilisti mzee, aliyekuwa ameandika kitabu cha siku tangu 1956. Madaftari yake yalijaa kasha la bati. Tulipoyakagua tulikuta hesabu ya ibada, naam, lakini pia siku ya mvua ya kwanza, bei ya chumvi, ng'ombe wa nani amezaa pacha, nani amerudi kutoka safari, na mawazo yake mwenyewe, kwa mfano kwamba hotuba ya mgeni fulani ilikuwa ndefu na watoto walisinzia. Tulitabasamu. Kisha tukamwambia, kwa heshima lakini kwa amri, kwamba karatasi ni ghali na kwamba tangu sasa aandike waliohudhuria na sadaka, basi. Akajibu, "Ndiyo, Baba Mchungaji." Alikuwa na umri wa kutuzaa, naye alitii.

Alifariki, na kasha likabaki kwa binti yake. Mwaka 2019 alikuja kwetu bibi mmoja. Alitaka kuandikishwa katika orodha ya wazee waliotimiza miaka 60, na karani alikuwa amemkadiria kwa macho tu, akamwandikia 1 Januari 1962, kama wanavyoandikiwa wengi wasio na tarehe. Kitabu cha ubatizo cha miaka ile kilikuwa kimeliwa na mchwa. "Mwanangu," alituambia, "mimi najua neno moja tu. Mama alisema nilibatizwa siku nyuki walipoingia kanisani."

Tulikwenda kwa binti wa mwinjilisti, tukafungua kasha. Tulipekua tangu asubuhi hata alasiri. Chini ya Jumapili, 9 Machi 1958, tulisoma kwamba nyuki wameingia kanisani, ibada imefanyika chini ya mti, na mtoto wa majuma sita amebatizwa, jina lake na la baba yake likitajwa, naye amelia sana. Bibi aliposomewa alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Karani naye, tusimnyime haki yake, aliposomewa daftari alikubali kusahihisha.

Habari ikaenea. Baada ya miezi michache akaja mama mwingine, si mzee. Mwaka 2009 alizaa mtoto dhaifu, na mwinjilisti yuleyule aliitwa usiku, akambatiza nyumbani kwa haraka; kabla ya mapambazuko mtoto alikuwa amekufa. Sisi tulikuwa safarini. Tuliporudi tuliletewa habari kwa kinywa, tukasema tutaiandika katika kitabu cha ubatizo, wala hatukuiandika. Mama hakutaka cheti. Alitaka kujua ilikuwa siku gani, maana katika huzuni ile alikuwa ameipoteza, na mumewe alisema siku moja na mama mkwe siku nyingine.

Tulilileta daftari la 2009, tukalifungua mbele yake, juma kwa juma, katika miezi aliyoitaja. Mwandiko ulikuwa uleule mzuri. Watu 91. Sadaka imehesabiwa. Watu 84. Sadaka imehesabiwa. Watu 88.

Tulimweleza kwa nini hakuna. Alisikiliza, akauliza kama mzee alikuwa amechoka siku zile. Tukasema hapana, hakuchoka, tulimkataza sisi.

Alipokwisha kwenda tulitwaa kitabu chetu wenyewe, tukaandika tarehe ya siku ile, na saa aliyofika, na jina la mtoto kama alivyolitamka, na kwamba alizaliwa na kubatizwa na kufa katika usiku mmoja wa mwaka 2009, wakati maharage yalipokuwa yakichanua. Tukaandika pia kwamba mvua ilianza saa tisa, na kwamba mama alikataa mwavuli.