SOMO LA BIBLIA: MZALENDO ALIYEITWA MSALITI

Kusoma: Yeremia 37:11-16, 38:1-13, 39:1-7, 40:1-6



Vijana wetu wameuliza: je, aliyeokoka anaweza kuwa mzalendo? Wengine wanashika Wafilipi 3:20 na kusema kwamba mambo ya Burundi na Kongo hayatuhusu tena. Wengine wanasema anayeipenda nchi yake lazima awe tayari kushika silaha. Naona pande zote mbili zimemruka Yeremia.

Huyu aliwalilia watu wake mpaka machozi yakamwisha. Lakini Wakaldayo walipoizingira Yerusalemu aliwapa neno lisilopendeza: jisalimisheni, mtaishi. Wakuu wakasema anawavunja moyo askari. Alikamatwa kwenye Lango la Benyamini akienda kufuatilia fungu lake la urithi (sisi tulioacha mashamba tunamwelewa), akaitwa msaliti, akapigwa, akafungwa. Baadaye wakamshusha kwa kamba katika shimo la matope ili afe humo. Na aliyemtoa ni nani? Ni Ebedmeleki, Mkushi, mgeni, ambaye hata alikumbuka kumshushia matambaa ya kuweka kwapani ili kamba zisimchubue.

Mji ulipoanguka, mfalme Sedekia na askari wake walitoroka usiku. Yeremia alifunguliwa minyororo na kuambiwa achague: aende Babeli akatunzwe, au abaki. Akabaki na maskini waliosalia. Sisemi hivyo kuwahukumu waliokimbia. Yesu mwenyewe alikimbiziwa Misri akiwa mtoto. Nasema tu kwamba yule aliyeitwa msaliti ndiye aliyewapenda watu wake hadi mwisho.

Sasa tuje karibu na kwetu. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wakati wa vita vya Burundi, watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wale walikataa kutengana. Arobaini wakauawa. Wamezikwa pamoja palepale Buta.

Walikuwa Wakatoliki, na najua baadhi yetu tutasita kujifunza kwao. Tusisite. Vijana wale hawakushika bunduki, hawakutoa hotuba. Walikataa kusogea hatua chache tu kutoka kwa wenzao, na kukataa huko kukawagharimu uhai. Kwangu mimi, huo ndio uzalendo wa Mkristo: kuipenda nchi pamoja na wale tulioambiwa ni adui zetu ndani yake. Kutoa uhai wako kwa ajili ya imani ni jambo moja; kutoa uhai wa jirani yako ukasema ni kwa ajili ya nchi ni jambo jingine kabisa, na Biblia inaliita uuaji.

Wazazi, watoto waliozaliwa hapa kambini hawajaiona nchi yetu. Wanaijua kwa yale tunayowasimulia jioni. Kama simulizi zetu zote zinaishia kwa kabila fulani, siku mtu akija kuwaambia wajitenge watajua upande wa kwenda bila kufikiri.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: someni Yeremia 38:7-13, kisha kila mmoja aeleze habari ya mtu wa kabila lingine aliyemsaidia njiani wakati wa kukimbia. Watoto wawepo, wasikie.