Ghala na Ubongo: Namna ya Kutunza Maarifa ya Shule

Mwalimu mkongwe astaafupo, maarifa yake aghalabu huondoka naye, ijapokuwa kabati la shule limejaa maandalio yake ya masomo. Sababu ni kwamba kabati hilo tumelifanya mfano wa maghala ya korosho ya Nachingwea na Ruangwa: gunia huingizwa, hufungiwa, hungojea mnada.

Ubongo haufanyi hivyo. Kumbukumbu imetandaa katika chembe nyingi za fahamu zilizounganishwa, na kila ikumbukwapo viungo hivyo huimarika. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani, kwa kujipima mwenyewe, alionyesha kuwa tusiyoyarudia husahaulika upesi. Gunia likitolewa ghalani akiba hupungua. Fundisho likikumbukwa huzidi kukaa.

Basi jalada la shule na lifuate kanuni mbili.

Kwanza, kuunganisha. Kadi ya mkorosho itaje kadi ya ubwiri unga (Sayansi), ya stakabadhi ghalani (Hisabati), na ya zao lililoshindwa, yaani mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vyake (Historia).

Pili, kurudia. Kila mwezi mwalimu mmoja afundishe kadi moja mbele ya wenzake, kisha waandike nyuma yake swali lililowatatiza wanafunzi na mfano uliowafaa.

Kadi isiyoguswa mwaka mzima iunganishwe na nyingine, ama iondolewe. Ubongo nao husahau mengine ili utumie yaliyobaki.