Kulala kwa mtu nisiyemjua Mwigobero: ni salama?

SWALI: Natoka Bunda kununua dagaa Mwigobero, Musoma. Nikichelewa, mama mmoja wa sokoni hunikaribisha kwake. Nikubali, au nikalale gesti?

JIBU: Dada, ukarimu huo una faida: unaokoa pesa, na mwenyeji atakuelekeza bei na wauzaji waaminifu. Lakini usimwamini mtu kwa tabasamu tu. Waulize wachuuzi wenzake wanamfahamu vipi, ufike nyumbani kwake mchana, ujue nani wengine wanalala humo. Mwombe akutambulishe kwa balozi au mwenyekiti wa mtaa; mwenyeji mwema hatachukia. Nyumbani kwako waachie jina lake, namba ya simu na mtaa. Mtaji usiutembeze mkononi, uweke kwenye simu, na namba ya siri usimpe mtu. Ukiona mashaka, ondoka. Kwa dharura piga 112.

Nawe uwe mgeni mwema. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikumbusha mwaka 1962 methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Changia mboga, shika ufagio. Usipopata wa kumdhamini mama huyo, lala gesti yenye kitabu cha wageni.