Somo la 6: Nafasi Mezani pa Mfalme

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Wiki Hii: 2 Sam. 4:4, 2 Sam. 9, Law. 19:14, Kut. 4:10–16, Yn. 9:1–3, 2 Sam. 16:1–4; 2 Sam. 19:24–30; 1 Kor. 12:14–26.

Fungu la Kukariri: 2 Samweli 9:7.

Mefiboshethi alikuwa na umri wa miaka mitano habari mbaya zilipofika kutoka Yezreeli. Babu yake Sauli na baba yake Yonathani walikuwa wameuawa vitani. Yaya wake alimchukua akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Hakuzaliwa hivyo, wala hakutenda kosa lolote. Baadaye Biblia inamkuta Lo-debari, akiishi katika nyumba ya mtu mwingine, mbali na jumba la mfalme.

Wiki hii inafuata maisha yake tangu kuanguka kwake hadi siku aliyojitetea mbele ya Daudi. Maisha hayo yanaliuliza kanisa swali moja: mtu mwenye ulemavu ana nafasi gani kati ya watu wa Mungu? Je, ni mlangoni, anakopewa sadaka, au ni mezani, anakoketi kama mmoja wa wana?

*Jifunze somo hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Ulemavu wa Aina Nyingi

*Soma 2 Samweli 4:4, Walawi 19:14 na Kutoka 4:10, 11. Ni aina gani za ulemavu zinazotajwa?*

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unataja ulemavu wa mwili, wa afya ya akili, wa uwezo wa akili na wa milango ya fahamu. Yupo asiyeweza kutembea. Yupo anayeishi miaka mingi na maradhi yanayovuruga mawazo au hisia. Yupo anayejifunza polepole kuliko wenzake. Na wapo wasioona na wasiosikia. Wengine wana zaidi ya aina moja.

Ulemavu mwingine hauonekani kwa macho. Asiyesikia vizuri hudhaniwa kuwa ana kiburi kwa sababu hakuitikia salamu. Watu wengi wenye ualbino huona kwa shida, lakini jirani huitazama ngozi yao tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita ana ulemavu mkubwa. Kwa kadirio hilo, kanisa la washiriki 120 lingekuwa na watu 20 hivi. Ikiwa Sabato wanaonekana wawili tu, wengine wako wapi?

JUMATATU

Jina Kwanza

*Soma 2 Samweli 9:1–8. Linganisha jinsi Siba alivyomtaja mwana wa Yonathani na jinsi Daudi alivyomwita.*

Siba alipoulizwa, alitaja miguu iliyolemaa. Jina hakulitaja. Daudi alipokutana na mtu huyo, neno lake la kwanza lilikuwa jina: Mefiboshethi.

Maneno ya zamani ya Kiswahili kama kilema na kiwete yako katika umbo lile lile la kiti na kisu, na mara nyingi yametumika kudhalilisha. Kusema “mtu mwenye ulemavu” kunamtanguliza mtu. Hata hivyo, viziwi wengi hujiita viziwi bila aibu, na chama chao nchini Tanzania kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Njia salama ni kumuuliza mwenyewe angependa aitwe vipi.

Mefiboshethi alijifananisha na mbwa mfu. Anayedharauliwa miaka mingi huweza kuamini dharau hiyo. Daudi hakumpa sarafu na kumwaga. Alimrudishia mashamba ya babu yake, akampa nafasi mezani pake.

*Ni nani katika mtaa wako anayejulikana kwa ulemavu wake kuliko kwa jina lake?*

JUMANNE

Mezani Bila Sharti la Kupona

*Soma 2 Samweli 9:9–13 na Yohana 9:1–3. Kwa nini fungu la mwisho la sura ya 9 linarudia habari ya miguu ya Mefiboshethi?*

Sura inafungwa kwa mambo mawili yaliyokaa pamoja: alikula mezani pa mfalme daima, naye alikuwa amelemaa miguu yote miwili. Hapakuwa na muujiza uliotangulia mwaliko.

Yesu aliponya wengi, na waaminio wanangojea siku ambayo vipofu wataona na viwete wataruka (Isa. 35:5, 6). Lakini wanafunzi walipotafuta dhambi iliyosababisha upofu, Yesu alilikataa wazo lao. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akapewa neema ya kuuvumilia (2 Kor. 12:7–9). Anayeambiwa kila Sabato kwamba angepona kama angekuwa na imani huongezewa mzigo wa pili juu ya ule alio nao.

JUMATANO

Punda Asiyetandikwa

*Soma 2 Samweli 16:1–4 na 19:24–30. Ni nini hasa kilichomzuia Mefiboshethi kufuatana na mfalme?*

Daudi alipomkimbia Absalomu, Mefiboshethi alitaka kwenda naye. Alijua anachohitaji: punda atandikwe. Lakini, kama alivyoeleza baadaye, mtumishi wake alimdanganya. Siba alimfikia mfalme akiwa na punda wawili na habari za kumchongea bwana wake. Daudi akaamini, akampa Siba mali yote bila kumsikiliza mwenye mali. Miguu peke yake haikumwacha Mefiboshethi nyuma. Kizuizi kilitoka kwa mtu.

Mkataba wa mwaka 2006 unaeleza jambo hilo hilo: hitilafu ya mwili au akili inapokutana na vizuizi, mtu hushindwa kushiriki sawa na wenzake. Kwa kanisa, punda huyo anaweza kuwa njia ya mteremko badala ya ngazi, choo chenye mlango mpana, lesoni ya nukta nundu, au mkalimani wa lugha ya alama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya alama kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Je, kiziwi ataelewa zaidi bungeni kuliko kanisani?

*Ni uamuzi gani kanisani kwako uliofanywa kwa niaba ya mtu mwenye ulemavu bila kumuuliza?*

ALHAMISI

Kiungo Kinachohitajiwa

*Soma Kutoka 4:10–16 na 1 Wakorintho 12:14–26. Mungu alimsaidiaje Musa bila kumwondolea kazi yake?*

Musa alisema ulimi wake ni mzito. Mungu alimpa Haruni awe msemaji, lakini mwito ulibaki wa Musa. Msaada wa kweli humwezesha mtu kufanya kazi aliyoitiwa.

Mwaka 1899, huko Battle Creek, Marekani, kijana asiyeona aitwaye Austin O. Wilson alianzisha kazi ya kuchapisha machapisho ya Kikristo kwa ajili ya wasioona. Kazi hiyo ilikua ikawa Christian Record Services, huduma ya Waadventista ambayo ingali hai. Aliyeweza kuhesabiwa kama wa kuhudumiwa tu ndiye aliyeanzisha huduma.

Paulo anasema viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu vinahitajiwa. Kanisa linalompa mtu kiti lakini halimpi kazi bado halijamaliza kumkaribisha.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Ellen G. White alikuwa na umri wa miaka tisa alipopigwa jiwe usoni na mwanafunzi mwenzake. Mkono wake ulitetemeka asiweze kuandika vizuri, na masomo ya shule yakakatika. Miaka baadaye Bwana alimwita kuandika.

Maswali ya Kujadili:

1. Orodhesheni vizuizi vilivyopo tangu lango la kanisa lenu hadi mimbarani. Ni kipi kinachoweza kuondolewa kabla ya robo hii kwisha?

2. Mzazi anamficha mtoto mwenye ulemavu ndani kwa kuogopa maneno ya watu. Darasa lenu litamwendeaje bila kumhukumu?

3. Daudi alimtendea mema Mefiboshethi, kisha akamhukumu bila kumsikiliza. Hilo linawaonya nini wanaopenda kusaidia?