Mwenzi Wako Anapojifungia Chumbani



Mume huachishwa kazi, naye akaacha Misa, jumuiya, hata matanga ya jirani. Hapa Kakamega, mtu asiyefika matangani huitwa mwenye kiburi. Mkewe hulia, "Ametuchukia."

Mimi niliwahi kuwa mtu huyo kwa miezi 8. Haikuwa kiburi wala chuki. Ilikuwa aibu. Nikisikia sauti uani, niliingia chumbani na watoto wakasema, "Baba hayupo." Kadiri nilivyojificha, ndivyo kutoka kulivyozidi kuniogopesha, maana nilijua nitaulizwa, "Ulikuwa wapi?"

Jambo hili haliko kwetu tu. Wajapani huliita hikikomori: mtu kujifungia nyumbani miezi 6 au zaidi.

Tujifunze kwa Nabii Eliya (1 Wafalme 19)

Eliya alikimbilia jangwani akaomba afe. Malaika hakumkaripia. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Safari ya kwenda Horebu ilikuja baadaye.

Mama watoto mwanzoni alinifokea, akaona nazidi kujificha. Ndipo akabadili njia. Kila jioni aliniletea chai, akaketi karibu nami bila maswali. Siku moja akasema, "Baba watoto, njoo nje tuchambue maharagwe." Nikatoka. Baadaye tulifika shambani, kisha Misa ya alfajiri, tukikaa nyuma. Jumuiya ilikuja mwisho.

Ushauri kwa mwenzi

1. Usimlinganishe na waume wa wengine.
2. Usiwafundishe watoto uongo. Waseme, "Baba hayuko tayari kwa wageni leo."
3. Mwombe hatua moja ndogo, kisha ngoja.
4. Asipokula, asipolala, au akitaja kufa, usingoje. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Sala na matibabu havipingani.

Nawe uliyejifungia

Ndugu yangu, usianze na watu wote. Anza na mmoja. Mwambie mwenzi wako, "Naona aibu." Mimi nilichelewa kulisema neno hilo, na mke wangu alikuwa amebeba mzigo wa kudhani simpendi.

Maswali ya jumuiya

Ni nani hatujamwona kwa muda mrefu? Nani atamtembelea bila kumhoji?

Sala: Ee Bwana, uliyemlisha Eliya jangwani, utupe subira ya kukaa karibu na waliojificha. Amina.