Jokofu la Chanjo Linapopoza Kupita Kiasi

Katika nchi za joto, mtunza chanjo hufundishwa mapema kuliogopa joto. Umeme ukikatika, hukimbilia jokofu kuona kama nyuzi zimepanda. Ni wachache wanaoshtuka wanapokuta kipimajoto kikisoma nyuzi 0. Hata hivyo, kwa chanjo nyingi zinazotolewa kliniki leo, kuganda mara moja tu hudhuru kuliko saa kadhaa za joto la kawaida la chumbani.

Kwa nini baridi kali huharibu

Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Chanjo ya pentavalenti, ya pepopunda, ya homa ya ini B, ya nimonia na ya saratani ya mlango wa kizazi zina chumvi za alumini zinazoshikilia viini vya chanjo na kuusaidia mwili kujenga kinga. Chanjo hizi zikiganda, chembe hizo hushikamana na kuwa mabonge, na haziwezi kurudi katika hali yake. Nguvu ya chanjo hupungua au kutoweka, na mahali palipochomwa sindano huweza kutokea jipu lisilo na vimelea. Chanjo ya surua na rubella, ya kifua kikuu na ya matone ya polio haziharibiwi na kuganda. Lakini maji ya kuchanganyia chanjo za unga hayapaswi kugandishwa.

Kabla ya kugusa jokofu

Kazi ya kwanza ni kuziokoa chanjo. Huhamishiwa kwenye jokofu jingine lenye nyuzi sahihi, au kwenye kasha la ubaridi. Pakiti za barafu zinazowekwa humo huachwa kwanza nje mpaka maji yasikike yakicheza ndani zinapotikiswa, la sivyo kasha lenyewe litazigandisha chanjo. Zile zinazoshukiwa hutengwa, huandikwa "Usitumie", na mratibu wa chanjo wa wilaya huarifiwa. Hazitupwi wala kutolewa kabla ya kukaguliwa.

Kutafuta chanzo

Uchunguzi huanza na kipimajoto chenyewe. Kikitumbukizwa katika mchanganyiko wa barafu iliyopondwa na maji, baada ya dakika chache kinapaswa kusoma nyuzi 0 au karibu sana. Aidha, kinapaswa kukaa katikati ya chanjo. Kikiwa mlangoni hudanganya kwa kusoma joto kubwa, na anayekifuata huongeza ubaridi usiohitajika.

Pili, mpangilio. Chupa zinazogusa ukuta unaopoza, au zilizowekwa sakafuni mwa jokofu la kufungukia juu badala ya kwenye vikapu vyake, huganda hata pale kipimajoto kinaposoma nyuzi 4. Makasha yaliyobanana huzuia hewa kuzunguka, hivyo upande mmoja huganda na mwingine hupata joto.

Tatu, kidhibiti joto. Katika majokofu mengi, namba kubwa haina maana ya joto kubwa, bali ya ubaridi zaidi. Kosa la mara kwa mara hutokea baada ya umeme kukatika: nyuzi zimepanda, mhudumu anazungusha kidhibiti hadi mwisho, umeme unarudi, usiku unaingia, na asubuhi chanjo zimeganda. Umeme ukirudi, jokofu hushuka lenyewe, kidhibiti hakiguswi. Panapokuwa na haja ya kweli ya kukirekebisha, huzungushwa kidogo, kisha matokeo husubiriwa kwa saa 24.

Nne, mashine. Kidhibiti kikizungushwa hadi kiwango cha kuzima na kompresa ikaendelea kunguruma, swichi iliyo ndani yake imenasa. Kompresa isiyopumzika hata kwenye namba ndogo kabisa huweza kuashiria kuwa kihisi joto kimetoka mahali pake. Hiyo ni kazi ya fundi.

Mwisho, mazingira. Jokofu la gesi au la mafuta ya taa lililorekebishwa mchana wa joto huweza kushuka chini ya nyuzi 2 alfajiri, hasa katika nyanda za baridi kama Njombe.

Jaribio la kutikisa

Chupa iliyokutwa imeganda haihitaji jaribio, huondolewa. Kwa zinazoshukiwa tu, chupa moja ya aina ileile, ya mtengenezaji yuleyule na toleo lilelile huwekwa alama, hugandishwa kabisa, kisha huachwa iyeyuke yenyewe. Hutikiswa pamoja na chupa inayoshukiwa na zote mbili huwekwa mezani. Ndani ya dakika 30, mashapo ya inayoshukiwa yakituama kwa kasi sawa na ya ile iliyogandishwa, au kasi zaidi, chanjo imeharibika. Jaribio hili linafaa kwa chanjo zenye alumini pekee. Halifai kwa chanjo ya polio ya sindano.

Kinga ya tatizo

Nyuzi husomwa na kuandikwa mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, pamoja na siku za mapumziko. Usomaji wa asubuhi mapema ndio unaofichua baridi ya usiku. Chanjo iliyoganda ikayeyuka huweza kuonekana kama nzima. Mtoto huchomwa, kadi hujazwa, mama hurudi nyumbani akiamini mwanawe amekingwa, na kosa hujulikana ugonjwa unapobisha hodi.