Mtoto Anapoumwa Tumbo Asipone: Utambue Ugonjwa wa Uvimbe Sugu wa Utumbo



Mtoto anapoumwa tumbo, iwe Mpanda mjini, Inyonga au Karema, familia nyingi huanzia duka la dawa kwa kununua dawa ya minyoo au ya amiba. Mara nyingi maradhi huwa ni hayo, na mtoto hupona. Somo hili linamhusu mtoto aliyekwisha kupewa dawa hizo zaidi ya mara moja na bado haponi. Miongoni mwa sababu zinazoweza kujificha hapo ni ugonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo. Hauonekani mara kwa mara katika hospitali zetu, lakini usipotambuliwa mapema humpotezea mtoto miaka yake ya kukua.

Ni ugonjwa gani?

Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huushambulia utumbo wenyewe. Ukuta wa utumbo hufura na kutoka vidonda. Aina kuu ni mbili. Kolitisi ya vidonda hushika utumbo mpana. Ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa na madaktari wa New York mwaka 1932, huweza kushika sehemu yoyote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hautokani na uchawi au uzembe wa mzazi.

Hujitokezaje kwa mtoto?

Kolitisi ya vidonda kwa kawaida hujidhihirisha kwa kuhara kunakochanganyika na damu, maumivu kabla ya haja, na kuamka usiku kwenda chooni.

Ugonjwa wa Crohn hujificha zaidi, na mtoto huenda asiharishe kabisa. Dalili zake ni:

• maumivu ya tumbo yanayorudi mara kwa mara;
• kukosa hamu ya kula na kupungua uzito;
• homa zisizo na sababu ya wazi, uchovu na upungufu wa damu;
• vidonda kinywani au viungo kuvimba;
• jipu, mpasuko au tundu litoalo usaha karibu na njia ya haja kubwa.

Dalili ipitwayo kwa urahisi ni kusimama kwa ukuaji. Sare ya shule ya mwaka juzi bado inamtosha, wenzake wamempita kimo, na kubalehe kunachelewa. Katika mkoa wetu, unaovuna mahindi na mpunga lakini bado unapambana na udumavu, ni rahisi kulaumu lishe. Hata hivyo, udumavu wa lishe kwa kawaida huanza katika miaka miwili ya mwanzo ya maisha. Mtoto tunayemzungumzia huenda alikua vema, kisha akasimama. Kwa hiyo, itunze kadi ya kliniki hata baada ya mtoto kutimiza miaka 5, kwani humwonyesha daktari tofauti hiyo.

Kwa nini usiendelee kununua dawa?

Dalili hizi hufanana na za amiba, kichocho cha tumbo na kifua kikuu cha utumbo. Haiwezekani kuvitofautisha kwa maelezo ya dukani. Diklofenaki na ibuprofeni, zinunuliwazo kutuliza maumivu, huweza kuuchochea ugonjwa. Prednisoloni hutuliza uvimbe, lakini akipewa mwenye kifua kikuu kisichotibiwa, huweza kuusambaza ugonjwa huo mwilini. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa pia hapaswi kuiacha ghafla. Ndiyo maana hutolewa kwa cheti cha daktari.

Chukua hatua gani?

1. Kuhara kukifikia siku 14, au damu ikionekana siku yoyote, mpeleke mtoto kituo cha afya.
2. Omba apimwe choo, damu, uzito na urefu.
3. Beba pakiti za dawa zote alizotumia, zikiwemo za asili.
4. Majibu yasipoeleza hali yake, uliza kuhusu rufaa, kupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hadi hospitali kubwa kama za Mbeya, Bugando au Muhimbili. Uthibitisho huhitaji kipimo cha kamera na kuchukua kinyama kidogo cha utumbo.
5. Usisubiri iwapo anatoka damu nyingi, tumbo limevimba na kuwa gumu, anatapika mfululizo au amelegea. Mwahishe hospitali.

Ugonjwa huu ni wa muda mrefu, lakini hudhibitiwa. Zipo dawa za kuutuliza, na mtoto mwenye ugonjwa wa Crohn huweza kupewa chakula maalumu cha maji pekee kwa wiki 6 hadi 8 chini ya uangalizi wa daktari. Akitibiwa mapema, huweza kurudi darasani na kuendelea kukua.